Taa katika Maji ya Enziu

Mito mingi ya Kitui na Makueni ni mito ya msimu. Enziu, karibu na Mwingi, huwa mchanga mtupu muda mrefu wa mwaka, na watu huchimba humo visima vya kupatia maji ya kunywa. Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021, mto huo ulifurika. Basi lililochukua waimbaji wa kanisa waliokuwa wakienda arusini liliingia kivukoni, likasukumwa na mkondo, likapinduka mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Walikufa watu zaidi ya 30.

Wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji waliitwa kuopoa maiti. Yamkini msomaji atauliza, kwani hawana taa? Katika maji maangavu mzamiaji huifunga kurunzi kwa ukanda kifundoni mwa mkono, isichukuliwe na maji, au huipachika kichwani ili mikono yote miwili iwe huru. Lakini mafuriko ya Ukambani hubeba udongo mwekundu, na kila chembe huurudisha mwanga machoni, kama taa za gari katika ukungu. Taa ya kichwani ndiyo humpofusha mtu zaidi, kwa kuwa i karibu na macho; afadhali ile ya mkononi, ikishikwa mbali upande. Tope likizidi, hiyo nayo haifai kitu. Hapo mzamiaji hufuata kamba aliyoishika mwenzake ukingoni, akapapasa polepole kwa vidole: mgongo wa kiti, ukingo wa dirisha, nguo.