Mtungaji wa Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Unguja mwaka 1918, hakupata riziki yake kwa hadithi za upelelezi. Kwanza alikuwa mkaguzi wa afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na tangu 1958 hadi 1968 akahariri Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika. Katika miaka hiyo ya kazi kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda tuzo, kikachapwa 1960. Humo Bwana Msa, mvuta kiko, hutazama, huuliza na kupima kabla ya kunena, kama wafanyavyo mkaguzi na mhariri. Basi, msomaji, usingoje wasaa mkubwa ndipo ushike kalamu: kazi ya kila siku nayo ni chuo.