Bastola ya Volta, Mama wa Injini

Mnamo Novemba 1776, Alessandro Volta, mwalimu wa fizikia wa mji wa Como kaskazini mwa Italia, alikuwa kwenye Ziwa Maggiore, karibu na Angera, akichokoa tope la kinamasi na kukinga mapovu yaliyopanda. Hewa aliyoikusanya ilishika moto. Leo tunaiita methani.

Volta anasifiwa kwa betri aliyoitangaza mwaka 1800, lakini chombo alichokibuni mara baada ya safari ile kinastahili heshima kubwa kuliko kinayopewa. Alijaza chupa hewa ya kinamasi iliyochanganywa na hewa ya kawaida, akaiziba kwa kizibo na kupenyeza waya ndani yake. Umeme wa msuguano ulipopita kwenye waya uliruka pengo dogo lililoachwa humo; cheche ikawasha mchanganyiko na kizibo kikafyatuka kwa mshindo. Ikaitwa bastola ya umeme. Haikuhitaji utambi wala kiberiti: moto ulizaliwa ndani kwa ndani. Mwaka 1777 alipendekeza hata waya utandazwe juu ya nguzo kutoka Como hadi Milan, ili mtu wa mji mmoja afyatue bastola iliyo mji mwingine. Telegrafu ilikuwa bado miongo mingi mbele.

Ugumu wa kuigeuza bastola hiyo kuwa injini ulikuwa kwenye volti. Kuruka pengo la milimita moja la hewa kunahitaji takriban volti 3,000. Umeme wa msuguano huzifikia kwa urahisi, ila betri haikaribii hata kidogo, na ndiyo maana betri yenyewe ya Volta haikuweza kufanya kazi ya bastola yake. Jibu lilikuja na koili inayopandisha volti za betri. Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyeishi Paris, aliiboresha mwaka 1851, na mwaka 1860 Étienne Lenoir akaitumia kuwasha gesi katika injini yake. Kizibo kilichokuwa kikiruka na kupotea sasa kilikuwa pistoni inayokwenda na kurudi. Nikolaus Otto, mwaka 1876, alirudia mwali wa moto katika injini yake, kwani cheche ilikuwa bado haiaminiki. Aliyemaliza ubishi ni Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Bosch mjini Stuttgart, kwa magneto yake ya volti nyingi na plagi, mwaka 1902. Kila pikipiki ya petroli inayopita mitaani kwetu bado inawaka kwa cheche ya plagi.

Mizinga ya viazi ambayo Wamarekani huitengeneza majumbani ni uzao wa karibu zaidi wa bastola ile, kiazi kikichukua nafasi ya kizibo. Mabomba yake ya plastiki, hata hivyo, hayakutengenezwa kwa ajili ya mlipuko. Hupasuka ghafla, na mizinga hiyo imekwisha kujeruhi macho ya watu. Vijana wetu wasiiige.

Vyombo vingi vya Volta viliteketea kwa moto mwezi Julai 1899, katika maonyesho ya Como ya kuadhimisha miaka 100 tangu betri ibuniwe. Vilivyookolewa, pamoja na nakala za vilivyoungua, vimehifadhiwa katika makumbusho ya Tempio Voltiano mjini humo.