Mafuta ya Mbegu Dhidi ya Ukoma

Bibi yangu huko Busoga, mashariki mwa Uganda, hupenda kusimulia habari za shangazi yake aliyeishi katika kituo cha wagonjwa wa ukoma tangu miaka ya 1930. Kila juma alichomwa sindano ya mafuta mazito, na makovu yake alizikwa nayo. Nilipoanza kuuliza mafuta hayo yalitoka wapi, historia ilinipeleka mbali sana na nyumbani.

Yalikamuliwa kutoka mbegu za mti wa chaulmugra, unaoota huko Asia. Waganga wa India na China waliyatumia kutibu ukoma kwa karne nyingi. Mwaka 1854 daktari Mwingereza Frederic Mouat, aliyefanya kazi Bengal, aliandika juu yake, na madaktari wa Ulaya wakaanza kuyajaribu. Lakini mgonjwa akiyanywa, alitapika. Akiyapaka, hayakuingia ndani vya kutosha. Akidungwa sindano, yalibaki chini ya ngozi kama uvimbe unaouma.

Kuyapima pia kulikuwa kugumu. Mwaka 1873, Armauer Hansen wa Norwei aligundua bakteria wa ukoma, lakini hadi leo bakteria hao hawajaweza kuoteshwa kwenye sahani za maabara. Kwa hiyo watafiti hawakuweza kudondosha mafuta juu yao na kuangalia kama wanakufa. Walilazimika kuyapima katika miili ya wagonjwa wenyewe. Ndiyo sababu nayahesabu makovu ya yule shangazi kuwa sehemu ya historia ya sayansi.

Aliyepata njia ya kuyafanya mafuta hayo yafyonzwe na mwili alikuwa Alice Ball, kijana Mmarekani mweusi. Mwaka 1915 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika Chuo cha Hawaii. Dkt. Harry Hollmann wa hospitali ya Kalihi, Honolulu, alimwomba msaada. Alice aliyabadilisha mafuta kikemia yakawa esta za ethili, yaani majimaji mepesi yanayofaa kwa sindano. Alifariki tarehe 31 Desemba 1916, akiwa na miaka 24, kabla ya kuchapisha kazi yake. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, aliiendeleza na kuichapisha bila kumtaja. Mwaka 1922 Hollmann aliandika wazi kwamba njia hiyo ni ya Ball, lakini chuo hakikumwekea bamba la kumbukumbu hadi mwaka 2000, chini ya mti wa chaulmugra.

Je, mafuta yaliponya? Wagonjwa 78 waliruhusiwa kutoka Kalihi kurudi kwa familia zao, jambo lililokuwa adimu siku hizo. Hata hivyo, wengine ugonjwa uliwarudia. Miaka ya 1940 zilikuja dawa za jamii ya sulfoni, na mafuta yakaanza kuachwa. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto wa dapsoni, rifampisini na klofazimini, ambao huponya kabisa.

Mwaka jana binamu yangu alitokwa na mabaka mgongoni yasiyosikia hata akichomwa pini. Bibi alileta chupa ya mafuta ya habasoda kutoka sokoni, akasema, "Mjukuu wangu, hata Wazungu walitutibu kwa mafuta." Sikumcheka, kwa sababu alisema kweli. Nilimjibu, "Bibi, waliyatumia, wakayapima, kisha wakapata dawa bora kuliko hayo." Alinyamaza kidogo, akaiweka chupa chini, akatafuta kitenge chake ili atusindikize zahanati. Binamu alipewa vidonge bila malipo, na sasa anakaribia kumaliza dozi. Bibi ndiye anayemkumbusha kumeza kila asubuhi.