Mpito, Mizani na Kura: Historia ya Istilahi Moja

Miongoni mwa istilahi zinazostahili kuchunguzwa upya ni "mpito wa demokrasia". Neno mpito latokana na kitenzi pita, nalo latupa picha ya mtu avukaye mto mara moja akafika ng'ambo. Tena, kwa kuwa wataalamu kadhaa, akiwemo Seymour Martin Lipset mwaka 1959, wamehusisha demokrasia na ukuaji wa uchumi, mwanafunzi hudhani kwamba utajiri ndio mtumbwi wenyewe. Hebu tuyapime mawazo hayo kwa historia ya Shinyanga na Geita.

Utajiri haukukosekana huko. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu enzi ya ukoloni. Lakini mgodi ulikuwa na mwenye mali na vibarua wake. Wachimbaji hawakuwachagua wakuu wao. Pamba ilikuwa na taratibu nyingine. Wakulima walioshuku mizani ya wanunuzi waliunda vyama vya msingi, wakachagua kamati, wakataka hesabu isomwe mbele yao. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika shirikisho la Victoria, VFCU, likiongozwa na Paul Bomani. Wakati huo TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, tangu 1954 hadi 1958. Kwa hiyo basi, wengi walijifunza kuchagua viongozi penye mizani kabla hawajaliona sanduku la kura la serikali.

Serikali ya kikoloni nayo ilipima haki kwa fedha. Katika uchaguzi wa 1958-59 mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa. Hata hivyo, mwaka uleule wa 1958, wakulima wa Geita, ambao wengi wao hawakufikia kipimo hicho, walilipinga baraza la wilaya la mseto wa rangi waliloundiwa bila ridhaa yao, hata likashindwa kufanya kazi.

Wala uvukaji haukuwa wa mara moja. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Bomani mwenyewe, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Mfumo wa vyama vingi ulirejea mwaka 1992, baada ya miaka ya dhiki ya uchumi, si ya neema. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa baadaye, mwaka 2000.

Hatukani kwamba uchumi una nguvu: fedha ya pamba ndiyo iliyoviendesha vyama vile. Tunalosema ni kwamba yafaa kuuliza nani anaishika mizani. Kwa sababu hiyo twapendekeza mpito libaki kwa mabadiliko ya sheria, yenye tarehe yake. Na kazi ya watu wenyewe iitwe ujenzi wa demokrasia. Nyumba hudai wajenzi, na isipotunzwa huanguka. Mtoto wa Geita akifundishwa mpito peke yake, ataketi ukingoni akingoja kuvushwa.