Hiyo Miguu Ni ya Nani?

Wale mmekuwa mkiniuliza nimepotelea wapi wiki sita sasa, jibu liko kwa meza yangu. Ni ubao wa sentimita 60 kwa 45. Juu yake kuna udongo mwekundu, mapipa ya mafuta, tairi ndogo kama sarafu, na Datsun ya urefu wa sentimita 17 imeinuliwa na jeki. Ni kituo cha sevisi cha Safari Rally, usiku wa Pasaka, mwaka wa 1973, na kila kitu kimepunguzwa mara 24. Wenye kazi hii wanaiita dayorama. Mathe anaiita "ile kitu uliachia chuo."

Sikuachia chuo hii kitu, lakini hiyo stori ni ya siku nyingine. Leo nataka tuongee kuhusu miguu miwili.

Kwanza, kwa nini 1973? Ule ndio mwaka wa kwanza wa Ubingwa wa Dunia wa mbio za magari ya rally, na Safari yetu ilikuwa ndani tangu mwanzo. Tena ule mwaka uliisha kwa maajabu. Shekhar Mehta kwenye Datsun 240Z na Harry Källström kwenye Datsun 1800 SSS walimaliza wakiwa sare kabisa kwa pointi za adhabu. Baada ya kukimbia maelfu ya kilomita kwenye tope na vumbi, wamefungana! Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupata adhabu. Na Mehta mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Uganda, familia yake imefukuzwa na Idi Amin mwaka mmoja tu uliotangulia. Baadaye alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano!

Sasa, watu wa dayorama kule Ulaya na Japani wanapenda kujenga viwanja vya Le Mans au Monaco. Kuna ukuta, kuna sakafu safi ya simiti, magari yamepangwa kama kwenye shoo. Safari ya zamani haikuwa na hayo. Magari yalikuwa yanakimbia zaidi ya kilomita 5,000 kwenye barabara ambazo hazijafungwa, unakutana na lori, ng'ombe na basi la watu wanaenda nyumbani Pasaka. Sevisi ilikuwa popote ambapo pikapu ya mafundi imefika mbele yako. Chini ya mti. Kando ya duka. Leo magari yanarudi kwenye uwanja mmoja wa sevisi Naivasha na saa inahesabiwa. Wakati ule uwanja ulikuwa nchi nzima, na kwa miaka mingi nchi tatu.

Mimi nilikuwa na picha moja ya kuanzia. Imening'inia sebuleni kwa babu tangu kabla nizaliwe. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, imepigwa usiku. Dereva mmoja anakunywa chai kwa kikombe cha bati. Wanaume wawili wamesimama karibu na boneti. Nyuma kuna pikapu, mapipa, na mbuyu. Sote kwa familia tulijua babu alikuwa fundi wa Safari, na sote tuliamini ni mmoja wa wale wawili wamesimama. Mathe husema ni wa kushoto. Mjomba husema ni wa kulia. Walishawahi kubishana Krismasi nzima.

Nikaanza kujenga. Seti za modeli kutoka Japani ziko, tena safi sana, lakini ukijumlisha bei na usafiri unapita kodi yangu ya nyumba. Kwa hivyo nikarudi kwa ile akili tulikuwa nayo tukiwa watoto, ya kutengeneza gari kwa waya na vifuniko vya Kimbo. Nilienda Kirinyaga Road na tepu, nikapima Datsun 1600 iliyokufa ambayo fundi mmoja anaitoa vipuri. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, katikati kwa katikati, ni sentimita 242. Gawanya kwa 24, unapata sentimita 10 na kitu kidogo. Hapo ndio hesabu ya shule ilinipenda kwa mara ya kwanza.

Bodi nilikata kutoka kwa kadi za benki zilizoisha muda, nikazilainisha kwa maji moto. Kadi moja ina unene wa karibu milimita 0.76, na ukizidisha mara 24 unapata unene wa ubao wa mbao, kwa hivyo kadi hizo hizo zikawa sakafu ya pikapu. Tairi ni sapatu kuukuu. Spana nimekata kutoka mkebe wa soda. Spana ya sentimita 20 inakuwa milimita 8, na ukipiga chafya umeipoteza milele. Nimepoteza tatu.

Udongo ndio ulinifundisha kitu. Ukichota udongo wa njiani ukaumwaga tu kwa ubao, unaonekana kama mawe, maana chembe ya kawaida ikiangaliwa na mtu wa sentimita 7 ni jiwe. Nikauchuja kwa soksi ya nailoni mara tatu hadi ukawa kama poda. Halafu ule mbuyu! Mbuyu wa upana wa mita 4 unakuwa sentimita 17, sawa na gari lenyewe. Nikajenga nusu ya shina tu, kwa kadibodi na tishu, nikauweka pembeni. Kwa watu, niliagiza pakiti moja ya mafundi wa plastiki, nikawakata mikono na kuwageuza hadi wakafanana na wa kwenye picha.

Kila kilichoonekana kwenye picha nilikiweka. Chini ya mlango wa nyuma kulikuwa na vitu viwili vyeusi vimelala kwenye mchanga. Nilivitazama kwa simu, nikavikuza, nikaona mistari ya tairi. Nikasema sawa, ni vipande vya tairi lililopasuka. Nikakata vipande viwili vidogo vya sapatu, nikachora mistari kwa sindano, nikabandika. Nilijisifu sana. Nilisema hakuna mtu anaweza kuniambia sijaangalia hiyo picha vizuri.

Jumapili moja nikambebea babu kwa boksi, kwa matatu, nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Babu akavaa miwani. Akaangalia kimya muda mrefu. Akagusa pipa, akacheka. Akasema, "Gari ni lenyewe." Halafu akaweka kidole pale chini ya mlango.

"Na hii ni nini?"

Nikamwambia, "Ni vipande vya tairi, babu."

"Hapana, kijana. Hiyo ni miguu yangu."

Wadau, nilinyamaza. Zilikuwa akala. Viatu vya tairi. Soli ndio zinaangalia kamera, kwa sababu mwenyewe amelala chali chini ya gari. Babu alikuwa na miaka 17, msaidizi kwenye gereji moja Grogan, pale ambapo leo tunaita Kirinyaga Road. Alikuwa mdogo wa mwili, kwa hivyo yeye ndiye alikuwa anatumwa chini. Wale wawili wamesimama, mmoja ni mwelekezi wa dereva na mwingine ni rafiki wa mwenye gari. Hakuna hata mmoja wao ni babu. Nikamuuliza mbona hajawahi kusema. Akanijibu, "Hakuna mtu aliuliza. Mlikuwa mnajiambia wenyewe."

Hapo ndio akaanza kuongea. Walikuwa wametangulia siku moja na pikapu, wakalala chini ya turubai. Taa ilikuwa karabai, imening'inizwa kwa tawi. Gari likifika unalisikia mbali, na ukisikia sauti ya ekzosi imepasuka unajua leo kuna kazi. Walibadilisha shokomzoba za nyuma mbili kabla dereva amalize chai. Kila kitu chini ya gari kilikuwa kinachoma. Ana kovu kwenye mkono wa kulia, limenyooka kama rula. Nimeliona maisha yangu yote, na nilidhani ni la jikoni. Gari halikufika mwisho, na yeye alisikia habari hizo kwenye redio akiwa nyuma ya pikapu akirudi Nairobi.

Sasa hapa ndio naingia na maoni yangu, na mnaweza kunipinga.

Historia ya Safari tunaijua kwa majina ya milangoni. Mbio zilianza 1953 kama Coronation Safari, kusherehekea Malkia Elizabeth kutawazwa kule London. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa kwa madaraja kulingana na bei yake dukani. Ilikuwa sherehe ya walowezi na wauzaji wa magari. Miaka sita baadaye Joginder Singh akaingia, fundi mzaliwa wa Kericho, mtoto wa mwenye gereji. 1965, yeye na ndugu yake Jaswant wakashinda na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Gari la mtumba! Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mimi nampenda Joginder kwa sababu alijua gari kutoka chini kwenda juu.

Lakini hesabu ile miaka. Mkenya Mwafrika wa kutajwa kila mahali kwenye hizi mbio ni Patrick Njiru, aliyemaliza wa nne 1994 na Subaru. Kutoka 1953 hadi 1994 ni miaka 41. Je, miaka hiyo yote Waafrika hawakuwa kwenye Safari? Walikuwa. Walikuwa chini ya gari. Walikuwa kwenye tope wakisukuma. Walikuwa wanamimina petroli kutoka kwa mapipa saa nane usiku. Kupata gari la mbio kulihitaji pesa, gereji na watu wa kukudhamini, na ukoloni ulikuwa umeshagawa vitu hivyo kwa rangi kabla bendera ya kwanza ishushwe. Spana ndio kitu pekee walichopewa bila masharti. Hata jina la kazi lilikuwa "spana boi," boi hata kama una watoto wanne.

Mwaka wa 1968 magari 93 yalianza na 7 tu yakamaliza. Wale madereva tunawaita Saba Wasiozama, na wanastahili. Lakini jiulize, hayo magari saba yaliguswa na mikono mingapi ndio yakafika? Hiyo orodha haiko. Na mikono hiyo haikuenda Ulaya baada ya Pasaka. Ilirudi Grogan, ikafundisha wengine, na hao wakafundisha fundi anayekutengenezea probox leo. Tunapenda kusema jua kali ilijitokeza tu yenyewe kwa sababu Wakenya ni wajanja. Ujanja uko, lakini pia kulikuwa na shule. Ilikuwa chini ya magari kama hayo, na ada yake ilikuwa makovu.

Ndio maana naamini kujenga kitu kidogo hivi ni njia ya kusoma historia. Ukiandika, unaweza kuruka usichokijua kwa sentensi moja. Ukijenga, ubao hauruki. Kila sentimita lazima uamue: hapa palikuwa na nini, nani alisimama, alivaa nini. Na ukikosea, kosa linakaa pale linakuangalia. Kama ningeandika tu kuhusu ile picha, vile vipande vya tairi visingetajwa. Visingetajwa, babu asingesema neno, na Mathe na mjomba wangeendelea kubishana kushoto na kulia hadi babu azikwe.

Nimebandua vile vipande. Nimetengeneza mtu wa waya na udongo wa modeli, sentimita 6.8, maana babu anasema wakati huo alikuwa mfupi kuliko mimi. Ana ovaroli ya kaki iliyokatwa mikono, spana mkononi, na akala miguuni. Amelala chini ya Datsun. Ukiangalia kutoka juu unaona soli tu, kama kwenye picha. Ukiinama hadi jicho liwe sawa na meza, unamwona mzima, na mstari mwembamba mwekundu kwenye mkono wa kulia. Mathe aliinama jana usiku. Hakusema kitu kuhusu chuo.

Kazi yenu sasa. Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye gereji miaka ile, iwe Nairobi, Nakuru, Kampala au Dar, usimuulize kama alimwona Joginder. Hilo ameshaulizwa. Muulize alikuwa wapi gari lilipofika. Chukua picha ya ukutani, muwekee mkononi, nyamaza, umwache aoneshe kwa kidole. Halafu andika majina nyuma ya picha kwa penseli, yote, hata ya wale ambao hawaonekani. Babu ameniandikia ya kwake wiki iliyopita. Kumbe kwenye ile picha kuna watu sita. Sisi tulikuwa tunahesabu watatu.