Maji Yalipozidi Unga: Jinsi Kilifi Ilivyoihoji Dripu

Kwa wengi wetu huku Pwani, mgonjwa hajatibiwa mpaka atundikiwe dripu. Ndugu akitoka wodini, swali la kwanza analokutana nalo langoni ni "Ameshawekewa maji?" Akijibu ndiyo, nyoyo hutulia. Akijibu hapana, minong'ono huanza: dawa zimekwisha, au manesi hawajali. Ile chupa inayoning'inia juu ya kitanda ndiyo hati ya kwamba kazi inafanyika.

Imani hiyo si yetu peke yetu. Madaktari wa nchi tajiri waliishi nayo kwa miongo mingi, wakaifundisha na kuiandika katika miongozo. Mgonjwa aliyepoa mikono, mwenye mapigo ya haraka na dhaifu, apewe maji mengi ya mshipa, tena upesi. Kati ya 2009 na 2011, hospitali sita za Afrika Mashariki, Kilifi ikiwa mojawapo, ziliiweka desturi hiyo mizanini. Jibu lililotoka liliwashtua hata waliouliza.

Kutoka Leith hadi Houston

Hadithi yenyewe ina karibu miaka mia mbili. Mwaka 1832 kipindupindu kilikuwa kikifyeka watu Uskoti. Daktari Thomas Latta, katika mji wa bandari wa Leith, alichanganya maji na chumvi akayaingiza moja kwa moja katika mshipa wa bibi mmoja mzee aliyekuwa amekata kauli. Bibi akachangamka, macho yakarudi na uhai. Baada ya saa chache kuhara kukaanza upya, naye akafa. Latta aliamini kwamba angeongezewa maji angepona, na baadhi ya wagonjwa waliofuata walipona kweli. Kwa kipindupindu hoja yake ilikuwa na mantiki: mwili umemwaga maji, basi maji yarudishwe.

Tatizo lilianza dawa hiyo ilipohamishiwa kwa wagonjwa ambao maji hayakuwatoka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mmarekani Walter Cannon alichunguza askari waliojeruhiwa huko Ufaransa, na mwaka 1918 alitoa tahadhari. Ukiupandisha msukumo wa damu kabla daktari mpasuaji hajaziba mshipa uliokatika, damu iliyokuwa imeanza kujizuia itamwagika tena. Tahadhari hiyo ilisahauliwa. Miongo ikapita, na majeruhi wa vita na wa barabarani wakawa wanajazwa maji tangu ndani ya gari la wagonjwa.

Mwaka 1994 tahadhari ya Cannon ilipata shahidi. Huko Houston, Marekani, watu 598 waliopigwa risasi au kuchomwa visu kifuani na tumboni, msukumo wa damu ukiwa umeshuka, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa maji njiani na katika chumba cha dharura. La pili lilisubiri hadi mgonjwa afikishwe chumba cha upasuaji. Waliosubiri walinusurika 70 katika kila 100, na waliopewa maji mapema walinusurika 62.

Hayo yalikuwa ya majeruhi watu wazima. Kuhusu mtoto anayeungua kwa homa, dunia iliendelea kuamini chupa.

Hospitali kando ya hori

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliundwa 1979. Miaka kumi baadaye, mwaka 1989, ilishirikiana na shirika la Wellcome la Uingereza kuanzisha kituo ndani ya ua wa Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, ambayo leo ni hospitali ya kaunti. Kikundi kilichoanza kilikuwa kidogo, kikiongozwa na Daktari Kevin Marsh, na miongoni mwa nguzo zake za mapema alikuwa Daktari Norbert Peshu.

Kazi yao ya awali ilikuwa kujua watoto wanakufaje. Mwaka 1995 walitangaza matokeo ya watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Waliokufa walikuwa 64, na katika hao 54 walifika wakiwa na dalili moja au zote mbili kati ya hizi: fahamu kupungua, au kupumua kwa shida. La kuumiza zaidi ni kwamba asilimia 84 ya vifo vilitokea ndani ya saa 24 za kwanza. Mama aliyetoka Ganze au Bamba na mtoto mgongoni alikuwa anafika mlangoni na siku moja tu mkononi.

Siku hiyo moja itumiweje? Daktari wa watoto Kathryn Maitland na wenzake wa Kilifi waliliandama swali hilo. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya jaribio dogo la watoto 150 wenye malaria kali. Waliopewa maji ya albumini, yaani protini ya damu, walikufa wachache kuliko waliopewa maji ya chumvi. Lakini hesabu ya watoto wachache haitoshi kubadili tiba ya dunia. Ilihitajika kubwa zaidi.

Karata tatu

Ndipo likaja jaribio lililoitwa FEAST. Kilifi iliungana na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda, ambako Daktari Sarah Kiguli wa Makerere alikuwa kiongozi, pamoja na hospitali ya Teule iliyoko Muheza, Tanga. Walioingizwa ni watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri mikononi na miguuni. Wenye kuhara, utapiamlo mkali, majeraha au kuungua moto waliachwa nje, kwa kuwa maradhi yao yana kanuni zake.

Kura iliwagawa mafungu matatu. La kwanza lilipewa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Kiasi kilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo kumi hiyo ni mililita 200 hadi 400, na soda ya chupa ya kioo ina 300. Mengine yote yalikuwa sawa kwa kila mtoto: antibiotiki, dawa ya malaria, damu kwa aliyepungukiwa, na maji ya polepole ya kumkimu.

Fungu la tatu, lile la "kuachwa", halikubuniwa na watafiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma ya kawaida katika hospitali nyingi za Afrika. Kwa macho ya vitabu vya tiba vya nchi tajiri, huo ulikuwa upungufu wa kimaskini uliohitaji kurekebishwa.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu iliamuru watafiti wasiendelee kuandikisha watoto. Walikuwa wamefikia 3,141, na lengo lilikuwa 3,600. Ndani ya saa 48, katika fungu la albumini walikufa asilimia 10.6. Katika fungu la chumvi, asilimia 10.5. Katika fungu ambalo halikupewa maji ya haraka, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto mia waliosaidiwa kwa nia njema, watatu zaidi walipotea.

Jicho lilivyodanganywa

Kwa nini hakuna aliyeona mapema? Uchambuzi uliotolewa 2013 unajibu. Baada ya saa moja, watoto waliopewa maji ya haraka ndio walioonekana kupata nafuu: dalili za mshtuko, yaani za damu kutofika vizuri, ziliwatoka asilimia 43, dhidi ya 32 ya wale wengine. Nesi aliyepita kitandani aliona mikono imepata joto, akashukuru Mungu. Vifo vilikuja baadaye, na chanzo kikubwa hakikuwa mapafu kujaa maji kama wengi walivyodhani. Kilikuwa moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Bibi wa Leith naye alichangamka kwanza.

Kukubalika kulichelewa. Mwaka 2014 Kiguli, Samuel Akech wa Kilifi na wenzao waliandika katika jarida la BMJ wakililaumu Shirika la Afya Duniani kwa kuandaa miongozo bila kuzingatia matokeo hayo. Mwaka 2016 shirika hilo lilitoa mwongozo mpya wa dharura za watoto ulioyazingatia. Mwaka uliofuata Lusaka iliongeza ushahidi wa watu wazima 212 wenye maambukizi makali na msukumo wa damu uliolegea. Waliojazwa maji kwa kufuata utaratibu maalumu walikufa asilimia 48, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Hapa msomaji asije akamzuia nesi mkono. Mtoto aliyekauka kwa kuhara anahitaji maji, kama alivyosema Latta. Majeruhi wa bodaboda katika barabara ya Malindi anayevuja damu anahitaji kwanza damu izuiwe, kisha aongezewe damu. Jaribio la CRASH-2 la 2010, lililohusisha majeruhi 20,211 katika nchi 40, lilionyesha kwamba dawa rahisi ya kusaidia damu kuganda, asidi ya traneksamiki, huokoa maisha. Kila mgonjwa na lake, ingawa wote wanaweza kufika na mikono baridi.

Kwa hiyo kipimo kilichobaki ni kile kile cha zamani. Muuguzi anabonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, anauachia, kisha anahesabu sekunde hadi wekundu urudi. Ukipita sekunde tatu, ajue damu haifiki. Halafu anarudi baada ya saa moja kubonyeza tena, na saa inayofuata tena. Ndugu aliyeketi kando ya kitanda anaweza kudhani hakuna kinachofanyika, kwa sababu hakuna chupa iliyotundikwa. Kumbe huyo anayehesabu sekunde ndiye anayemtibu.