Macho ya Nakuru: Daktari wa Kliniki Anapokuwa Mtafiti

Mwaka 2005 timu ya wahudumu wa macho ilitoka Nakuru mjini ikaingia vijijini kuwahesabu wasioona. Aliyeiongoza, Dkt. Wanjiku Mathenge, alikuwa bingwa wa macho katika hospitali kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Walipima watu zaidi ya 3,500 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Katika kila 100, wawili walikuwa vipofu, na chanzo kikuu kilikuwa mtoto wa jicho, maradhi yanayoondolewa kwa upasuaji mfupi. Hesabu hiyo isingepatikana kliniki. Kliniki humjua aliyefika. Kikongwe aliyeketi gizani nyumbani kwake hana faili.

Ndiyo maana nashikilia kuwa mtafiti tunayemhitaji ni yule yule anayetibu, na afundishwe utafiti akiwa bado anasomea ubingwa.

Sharti la daktari kufanya utafiti ni la zamani. Wakenya walisomea udaktari Makerere, ambako mafunzo hayo yalianza 1924, hadi Nairobi ilipopata kitivo chake mwaka 1967. Ilipokuja shahada ya uzamili ya udaktari, ilikuja na tasnifu: daktari abuni swali, apate kibali cha kamati ya maadili, aombe ridhaa ya wagonjwa, akusanye takwimu, aandike. Lakini mwenye kazi hiyo ana zamu za usiku na wodi iliyojaa, na msimamizi wake pia anaitwa chumba cha upasuaji. Tasnifu nyingi hupita mtihani zikaishia kwenye rafu za maktaba, na hilo linauma, kwa kuwa ndani yake mna wagonjwa waliokubali kuulizwa. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa MEPI, dola milioni 130 kwa miaka mitano, kwa vyuo vya udaktari barani Afrika, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwemo. Utafiti wa wenyeji ulikuwa miongoni mwa malengo yake.

Nakuru ilikuwa imeshatangulia. Mwaka 2007 na 2008 Mathenge alirudi vijijini na utafiti mpana zaidi: makundi 100, watu 4,414 waliopimwa, kazi iliyoambatana na masomo yake ya uzamivu katika London School of Hygiene and Tropical Medicine. Safari hii walitazama pia retina, kisukari na presha ya macho. Ni katika kipindi hicho hicho ghasia za baada ya uchaguzi zilipowang'oa watu makwao katika bonde hili.

Kuanzia 2013 Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza aliyekuwa akisomea uzamivu pia, aliwatafuta watu wale wale. Takriban nusu walipatikana. Timu yake ilibeba mashine nzito hadi mahali pasipo na umeme, ila mtandao wa simu ulikuwepo. Kutokana na dhiki hiyo ikazaliwa programu ya simu iitwayo Peek. Mhudumu humwelekezea mgonjwa kioo cha simu, na herufi E hujitokeza ikiwa imegeuzwa juu, chini, kushoto au kulia. Mgonjwa huonyesha kwa mkono upande ulikoelekea. Mhudumu haitazami herufi. Hutelezesha kidole upande ule ule, na simu hujipimia yenyewe. Programu ililinganishwa na chati za kawaida hapo hapo Nakuru, na matokeo yakachapishwa 2015.

Leo Egerton, iliyoanza Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu 1987, inafundisha madaktari mjini Nakuru. Maswali hayako mbali nao. Gilgil kuna leishmania ya ngozi, vidonda vinavyoacha makovu usoni, vinavyoenezwa na usubi wa mapangoni. Daktari anayesomea ubingwa angepewa miezi michache isiyo na zamu, gari, na msimamizi mmoja aliyewahi kuchapisha, angeweza kuanza kwa kuhesabu kaya zenye wagonjwa, kama Mathenge alivyowahesabu wasioona.